Leo Chumvi, Kesho Sufuria

Alikozaliwa sijui, na ukoo wake siujui. Mkitaka hayo mkamwulize mwenyewe, ila mwende mmeshakula, maana atawashikilia. Mi nitaandika ninachokijua, na ninachokijua kinaanzia kwenye chumvi.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimehamia mtaa huu wa Gisenyi. Kati ya nyumba yangu na yake kulikuwa na ua wa minyaa, ile mimea ya utomvu mweupe ambao ukikuingia jichoni unajuta. Jioni ya kwanza maharagwe yanachemka, natafuta chumvi, hakuna. Nikasogea kwenye ua nikapiga hodi. Akatokea mwanamume mrefu wa koti na kofia, fimbo ameibana kwapani kama mtu anayetoka harusini, na kumbe kweli ndiko alikotoka.

"Chumvi," akasema, kama anayeonja neno. "Sikiliza, mama. Chumvi si kitu. Lakini leo chumvi, kesho sufuria ya kuitilia hiyo chumvi. Kesho kutwa jiko, maana sufuria bila jiko ni kofia. Halafu asubuhi moja naamka, mke wangu anapika kwako, na mi niko hapa kwenye ua wangu mwenyewe nabisha hodi naomba chakula changu!"

Nilitaka ardhi inimeze. Nikaanza kugeuka. Hapo nikaona mkono wa mwanamke umetokea nyuma yake na bakuli. Yeye hakugeuka hata kutazama. Alilipokea lile bakuli kwa mkono wake wa kushoto, akalipitisha juu ya ua, akanipa, na wakati wote huo mdomo wake ulikuwa bado kwenye kesho kutwa. Nilipofika jikoni bado namsikia. Chumvi ilikuwa nyingi kuliko niliyoomba.

Ndivyo alivyokuwa. Mdomo wake na mkono wake hawakuwa wakikaa meza moja.

Sisi wote mtaani tulimwita Msemaji, kwa sababu ya kazi yake, na nitaieleza kazi hiyo nikifika. Kwanza mnisamehe uandishi wangu. Shule niliishia darasa la tatu, kule Karagwe tulikokuwa wakimbizi, na hilo la tatu lenyewe nililiona dirishani zaidi, maana nilikuwa nachunga mbuzi nje na mwalimu alikuwa na sauti kubwa. Kiswahili ndiko nilikokiokota. Niliporudi Rwanda watu wa hapa walinicheka, wanasema naongea kama redio. Sasa navusha viazi kwenda Goma, ng'ambo ya mpaka, miaka na miaka, Kiswahili cha kule nacho kimeniingia, kwa hiyo mkiona nachanganya, jueni nimepita pande zote.

Basi. Msemaji alikuwa na ugonjwa wa kuona mwisho wa mambo. Sisi wengine tukiona jiwe barabarani tunaona jiwe. Yeye aliona mtoto amejikwaa, jino limetoka, mtoto amekuwa mtu mzima asiyecheka, amekosa mke, ukoo umekwisha. Kisha anaokota lile jiwe, analitupa pembeni, anakulaumu wewe.

Aliwahi kukataa kung'olewa jino. Shavu lilikuwa limevimba kama ameficha kiazi. Mkewe anamsihi aende hospitali. "Leo jino hili," anasema, na maneno yanatoka upande mmoja, "kesho jirani yake atasikia upepo, naye atalegea. Wataondoka mmoja mmoja kama watoto. Mwisho nitakuwa natafuna kwa kumbukumbu." Alikaa na jino lake mpaka likamtoka lenyewe kwenye muhindi wa kuchoma. Jirani zake, wale meno, mpaka leo wako wote. Nilipomwonyesha hilo akasema wamebaki kwa sababu mwenzao hakufukuzwa, aliondoka kwa hiari.

Mtabishana na mtu kama huyo?

Na ubaya wa mambo ni kwamba kuna mara alilosema likawa kweli. Nadhani hiyo ndiyo iliyomharibu. Tulikuwa kwenye umuganda, ile kazi ya mtaa ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, tunazibua mfereji. Kijana mmoja akaomba kwa adabu aondoke mapema, ana ubatizo wa mtoto wa dada yake. Mwenyekiti wa mtaa, mtu mpole, akamwambia nenda mwanangu. Msemaji akachomeka koleo lake chini.

"Mwenyekiti, umefungua mlango. Leo ubatizo mmoja. Mwezi ujao hapa hakutakuwa na mtu asiyebatiza. Utachimba huu mfereji peke yako na mke wako!"

Tukacheka sana. Mwezi uliofuata, nawaambia ukweli wa Mungu, sijawahi kuona ubatizo mwingi hivyo. Hawa wana ubatizo, wale wana ubatizo, hata jirani yetu Mwislamu, mtu wa swala tano, alikuja kuaga kwamba ana ubatizo. Mwenyekiti alibaki na koleo, ameshika kiuno. Msemaji alikuwa kando yake anachimba, uso umejaa furaha. Nilikuwa hapo, nilimwona. Hajawahi kuchimba kwa furaha namna ile. Tangu siku hiyo ukimpinga jambo lolote, hata kama ni kuhusu kuku, anakuangalia tu na kusema, "Ubatizo." Na wewe unanyamaza.

Mtu pekee aliyemweza kidogo ni mwanangu Emmanuel. Emmanuel anateremsha viazi kwa baiskeli kutoka Mudende juu kule kwenye baridi, magunia yamefungwa nyuma marefu kuliko yeye. Siku hiyo Msemaji alikuwa anatufundisha kwamba mtu akishaanza kushuka hasimami. Alikuwa anazungumzia msichana wa jirani aliyesuka nywele nyekundu, kwamba leo nywele, kesho kucha, na sikumbuki kucha zilimpeleka wapi, lakini palikuwa mahali pabaya.

Emmanuel akasema, "Muzehe, mi nateremka kila siku. Barabara yenyewe ukiiacha inakwenda mpaka ziwani. Mbona mi nasimama sokoni?"

"Kwa sababu una breki."

"Breki zilikufa zamani. Nina hii." Akainua mguu akaonyesha katambuga yake, sendo ya tairi, soli imelika upande mmoja. Vijana wa viazi ndivyo wanavyofunga breki, wanasukuma soli kwenye gurudumu la nyuma, unanusa mpira kutoka mbali. "Naweka mguu, inapunguza. Nataka kusimama, nasimama. Ingekuwa kila anayeanza kuteremka anaishia ziwani, Muzehe, wale samaki sambaza wa Kivu wangekuwa wananenepa kwa viazi vyetu."

Watu wakaangua kicheko. Msemaji akaitazama ile katambuga kwa muda, akaigusa hata na ncha ya fimbo.

"Na siku soli ikiisha?"

"Nitanunua nyingine."

"Na siku hiyo duka likiwa limefungwa?"

Emmanuel akajikuna kichwa. Msemaji akaondoka zake, ameshinda. Lakini kesho yake asubuhi tulikuta katambuga mpya zimewekwa juu ya ua wa minyaa, kamba bado ngumu. Hakuna aliyesema zimetoka wapi. Mi nilisikia tu sauti ng'ambo, "Leo viatu, kesho ataomba na soksi!"

Sasa kazi yake. Kwetu mtu akitaka kuoa, kuna siku ya kuomba mke, tunaiita gusaba. Upande wa mume wanakuja wamevaa, wanakaa huku, upande wa mke wanakaa kule, katikati wazi. Kila upande una mzee wake wa kusema. Na mzee wa upande wa mke kazi yake ni kukataa. Mambo yenyewe yameshakubaliwa zamani, hema limeshafungwa, wali umeshaiva, lakini lazima akatae. Atasema binti hayupo, yuko masomoni. Atasema babu yenu aliiba ng'ombe wa babu yetu. Atasema msichana gani, hapa hatuna msichana. Wanabembelezwa, wanaombwa radhi, watu wanapiga makofi, na jua likianza kuchoka ndiyo wanatoa. Binti anayetolewa haraka inaonekana alikuwa anasukumwa.

Kwa kukataa, hakuna aliyempita Msemaji. Walikuwa wanamfuata kutoka Nyakiriba, kutoka Rubavu, hata watu wasiomjua. Wengine walikuwa na hoja za kukariri. Yeye alikuwa nazo damuni. Mkimwambia tumekuja kuomba ua lililo kwenye bustani yenu, anawaambia leo mnaomba ua, kesho mtataka bustani, kesho kutwa mtakuja na karatasi kwamba sisi ndio wapangaji. Watu wanalia kwa kucheka. Ile siku ya jino alikwenda na shavu lake vilevile, katikati ya maneno likampiga akashika uso na kuguna kama ng'ombe mwenye mimba. Wageni wote wakasimama kupiga makofi, mama mmoja akatoa machozi, akasema huyu mzee anajua uchungu wa kumtoa binti. Alirudi nyumbani ameudhika. "Nimeumwa mbele ya watu," aliniambia, "wakanishangilia."

Lile jambo nililisahau. Nisingelisahau kama ningejua.

Alikuwa na binti wa mwisho, Solange. Wakubwa wake walikuwa wameondoka zamani. Wa kwanza alikwenda Kigali kusoma tu, akapata kazi tu, akapata mke tu. Wa pili alimfuata wa kwanza kumtembelea. Wa tatu yuko Kampala. Hakuna aliyefukuzwa na hakuna aliyegombana na mtu, kila mmoja alipiga hatua moja ndogo, tena kwa heshima, na anapiga simu Jumapili. Solange ndiye aliyebaki. Mcheshi, mwenye mdomo, ndiye aliyekuwa akimkata baba yake katikati ya kesho kutwa: "Papa, umefika wapi? Tumeshakufa au bado?" Naye anacheka, yeye asiyechekwa na mtu.

Akaja Bahati. Fundi wa friji, mtoto wa Goma, alikuja kutengeneza friji ya duka la vinywaji pale kwenye kona, friji ikapona haraka, lakini fundi akaendelea kuja kuitazama. Mtaa mzima ulijua friji haina kitu. Msemaji alijua wa mwisho, yeye anayeona mbali.

Jioni moja niko kwenye ua naanika nguo, nikamwona amesimama upande wake, ameshika tawi la mnyaa, utomvu unamtiririka mkononi na hajali.

"Mama Emmanuel," akasema, "we unavuka kila siku. Niambie bila kunificha. Mpaka ukifungwa, inakuwaje?"

Nikamwambia. Ningemdanganyia nini? Umeshatufungia, mara kwa ugonjwa, mara kwa mlima kutema moto, mara kwa milio ya bunduki. Unakaa nyumbani unatazama viazi vyako vinaota. Goma unaiona kwa macho, unaona hata bati la mteja wako, na hufiki.

"Bati unaliona?" akauliza.

"Ukipanda juu kidogo, unaliona."

Akatikisa kichwa. Nilingoja aanze ile kesho yake, na kesho kutwa. Haikuja. Akafuta mkono kwenye koti, akaingia ndani. Nilisimama pale na shuka mkononi nikajisikia vibaya, maana nilimzoea mtu anayeogopa kwa kelele.

Mtasema kwa nini hakukataa tu nyumbani. Nyumbani alikuwa na mke. Mkewe ni mwanamke wa maneno machache, na machache hayo alikuwa ameyasomea kwa mumewe. Watu wa Bahati walipokuja mara ya kwanza kujionyesha, alimwambia, "Ukianza kukataa leo, kesho utajipikia, kesho kutwa utajifulia." Msemaji akakaa kimya mpaka wageni wakaondoka. Lakini moyoni aliweka nadhiri. Atakataa siku yenyewe, hadharani, pale ambapo hajawahi kushindwa na mtu. Na ili akatae, lazima aseme mwenyewe. Kwa desturi baba wa binti anakaa kimya, mwingine anamsemea. Akagoma. "Leo mtu ananisemea," alisema, "kesho ananitajia majina ya wajukuu." Jamaa wakaona ni sawa, nani atamwajiri msemaji mwingine wakati Msemaji mwenyewe yupo? Mi aliniambia mpango wake kwenye ua, asubuhi ya siku hiyo, tayari ana kofia kichwani. Nikamwambia, Muzehe, usifanye hivyo, mtoto atalia. Akasema, "Atalia leo. Ukisubiri, tutalia wote."

Hema lilijaa. Watu wa Goma walikuja wamependeza, hao Mungu aliwapa vitambaa, mama zao wamevaa pagne, vile vitenge vyao, mpaka ukiangalia unahisi njaa. Mzee wao wa kusema alikuwa mnene, tai nyekundu, sauti ya kanisani. Akaanza kwa salamu, akaomba kinywaji kwa ajili ya wasafiri. Kisha akasema:

"Bon, muzee, njia ilikuwa ndefu..."

"Ndefu?" Msemaji akamkata. "Ni kuvuka lango tu!"

Kicheko. Wakakaa sawa, wakajua leo watakula vizuri.

Mzee wa tai akasema wamekuja kuomba binti. Msemaji akasimama. Na hapo ndipo mi nilipoona, na mkewe akaona, maana tuliangaliana. Siku zote akisema anaichezesha ile fimbo, inaruka, inanyoosha, inakataa pamoja naye. Siku hiyo aliilaza chini kwenye nyasi.

"Simtoi," akasema.

Makofi.

"Nimesema simtoi. Si kwamba babu yenu aliiba kitu. Babu yenu simjui. Kijana ni mzuri, friji zinagandisha. Lakini leo mnamvusha lango, mnasema ni karibu. Kesho ana mimba, hawezi kusimama kwenye foleni. Kesho kutwa mtoto anaumwa. Halafu siku moja lango linafungwa. Mi nitapanda pale juu kutazama bati la nyumba yake. Nitatazama bati mpaka jioni! Kisha nitarudi nyumbani, na nyumbani hakuna mtu wa kuniuliza kama tumeshakufa au bado."

Jamani. Lile hema lilipasuka. Vigelegele upande wetu, vigelegele upande wao. Shangazi mmoja wa Goma alipiga magoti kwa kucheka, anasema, "Huyu papa ni hatari! Bati! Ati bati!" Vijana wakatoa simu wanarekodi.

"Nasema kweli," Msemaji akasema.

Wakazidi. Mwenzangu aliyekaa kushoto akaniambia hajawahi kumwona akiwa na hali nzuri kama leo.

"Si mchezo! Nasema kweli mbele ya Mungu!"

Mzee wa tai nyekundu akainuka, anafuta macho kwa kitambaa, mtu aliyepata mpinzani wa kiwango chake. "Muzee, tumesikia. Na sisi tunaogopa! Leo tunachukua binti, kesho anatuzoesha maziwa yenu ya Mudende, kesho kutwa Goma yote inavuka kuja kunywa, mtatufukuza na fimbo!" Makofi tena. Akapewa kinywaji.

Msemaji alibaki amesimama katikati. Alituangalia upande huu, akaangalia upande ule. Nilitaka kusimama niseme, jamani, huyu mtu haigizi. Lakini mtu wa viazi anasimama wapi kwenye gusaba? Ningeinuka wangenipigia makofi na mimi. Ndani ya nyumba, kupitia pazia, niliona uso wa Solange. Yeye alikuwa hacheki. Amelishika pazia kwa mikono yote miwili.

Na hapo Bahati akasimama.

Bwana harusi hasimami, hasemi. Anakaa kama mzigo uliofungwa vizuri. Mzee wa tai akamvuta koti, kaa chini we kijana. Hakukaa.

"Munisamehe, bazee," akasema. "Najua mi sina ruhusa. Lakini muzee anauliza kitu, na hakuna mutu anamujibu."

Kimya kikaanza, kwanza mbele, kikasogea nyuma.

"Muzee, mi siwezi sema lango haitafungwa. Mi si mwenye funguo. Itafungwa, sisi wote tunajua. Lakini siku nitasikia ata fununu tu, Solange atavuka wa kwanza. Na watoto, kama Mungu atatupa. Atakuja kwako, atakaa kwako. Mi nitabaki na friji za watu. Ni mi ndiye nitatazama bati."

Wale vijana walishusha simu zao.

Msemaji alimtazama. Niliona midomo yake inaanza, leo, kesho, na haikutoa sauti. Akainama, polepole kwa ajili ya mgongo, akaokota fimbo yake kwenye nyasi. Akainyoosha, si kwa Bahati, kwa watu wote waliokaa kwenye lile hema, pande zote mbili.

"Watu wote hawa," akasema, "na aliyenisikia ni mmoja tu."

Kisha akageukia pazia. "Solange, toka. Tumeshakufa au bado?"

Sitaki kueleza kilio. Mzee wa tai akapiga makofi peke yake.

Baada ya harusi Msemaji alirudia hali yake. Alitangaza mtaani kote kwamba ametoa binti lakini miguu yake hajaitoa. "Sivuki," alisema. "Leo nitavuka ninywe chai. Kesho watanipa ugali na sombe, kile kisamvu chao. Kesho kutwa nitalala kwa mkwe, mimi, mtu mzima, nitavaa pijama ya mwanamume aliyemwoa mwanangu! Huko siendi." Na kwa muda kweli hakwenda. Solange alikuwa akija yeye. Kisha Solange akapata mimba, kama baba yake alivyosema, na foleni ikamshinda, kama alivyosema. Msemaji akavuka kunywa chai. Nilimwona kwa macho yangu, amevaa tai. Akarudi mapema, akasema chai yao ina sukari nyingi.

Basi majuzi, asubuhi, niko kwenye foleni pale Petite Barrière, lango dogo tunalovukia sisi wa miguu, nina furushi langu kichwani. Watu wa kutoka Goma wanapita upande wa pili kurudi. Nikaona kofia naijua. Chini ya kofia koti nalijua. Chini ya koti, jezi ya mpira, ya kijani, imeandikwa namba kifuani na chini imeingizwa kwenye suruali ya harusi. Amebeba sufuria imefungwa kwa kitambaa.

"Muzehe!" nikaita. "Umelala wapi?"

Akasimama kama aliyekamatwa na magendo. "Lango lilifungwa."

"Lango linafungwa saa ileile kila siku."

"Mama Emmanuel, usinipigie kelele mbele za watu." Akasogea karibu na kamba inayotutenganisha. "Mtoto alilala kwenye mkono huu. Sasa fikiri. Nikiutoa mkono, anaamka. Akiamka analia. Akilia, mama yake ambaye hajalala tangu juzi anaamka naye. Asipolala maziwa yanapungua. Maziwa yakipungua mtoto anadhoofu. Na yote hayo kwa sababu babu yake alikuwa anawahi lango? Mi si mnyama."

"Kwa hiyo ukalala."

"Nikalala."

"Na hiyo ni pijama ya mkwe?"

Akaitazama ile jezi. "Hii si pijama," akasema. "Hii ni ya mpira."

Mwanamke wa nyuma yangu mwenye nyanya alianza kucheka mpaka beseni likayumba. Nikamwuliza mkewe yuko wapi. Amebaki, akasema, amebaki siku kidogo tu kumsaidia Solange, siku kidogo tu. Aliposema "tu" tuliangaliana. Yeye amerudi kuwapa kuku chakula. Ndani ya sufuria kuna maharagwe aliyopewa na binti yake, ila Solange alisahau chumvi, macho yanamfumbika mtoto wa watu, na nyumbani kwake chumvi imekwisha, mwenye kujua mambo ya chumvi ndiye huyo aliyebaki Goma.

Furushi liko kichwani, foleni inasogea. Nikaingiza mkono kifuani nikatoa ufunguo wa jiko langu, nikaupitisha juu ya kamba.

"Chumvi iko kwenye kopo la kushoto, juu ya rafu," nikamwambia. "Ukimaliza funga."

Akarudi nyuma hatua moja. "Mama Emmanuel, ufikiri unachofanya. Leo unanipa ufunguo wa jiko. Kesho mi nitakuwa nakoroga humo. Kesho kutwa watu wataona moshi watauliza, na huyo Emmanuel akirudi na viazi..."

"Muzehe, foleni inaondoka."

"...atanikuta nimekaa kwenye kigoda chake, na mtu akishakaa kwenye kigoda..."

Tulikuwa tumeshaachana, mi nasukumwa mbele na wenye nyanya. Nikageuza shingo chini ya furushi. Mdomo ulikuwa bado unateremka, hata sijui ulikuwa umefika wapi. Mkono ulikuwa umeshaushika ufunguo.